Kufunga ndoana na chambo bandia: mafundo yanayotosha, na namna ya kuyakaza

Samaki mkubwa akiondoka na ndoana yako, usikimbilie kutafuta mshipi mnene zaidi. Vuta ulichobakiwa nacho, shika ncha ya mshipi kwa vidole viwili, uitazame kwenye mwanga. Ikiwa imejiviringa na kujikunjakunja, fundo liliteleza hadi likafunguka: mizunguko ilikuwa michache, au hukulikaza mpaka mwisho. Ikiwa imenyooka na mshipi umekatika pale pale fundo lilipokuwa, basi ulijikata wenyewe ndani ya fundo, na mara nyingi chanzo ni joto la msuguano ulipokazwa ukiwa mkavu. Ikiwa ncha ina vinyweleo, na ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo sentimita kadhaa juu yake, fundo halina kosa. Hapo mshipi ulisugua mwamba, matumbawe au meno.

Nimeanza na hilo kwa sababu anayejifunza kufunga ndoana huwa anatafuta fundo lenye nguvu kuliko yote, na hilo si swali la maana sana. Piga hesabu kidogo. Una mshipi wa kilo 10, yaani unaokatika kwa mvuto wa kilo 10. Wavuvi wengi wenye rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, huweka breki yake ianze kuachia mshipi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kilo mbili na nusu hadi tatu na kitu. Fundo linalobakiza asilimia 80 ya nguvu ya mshipi linabeba kilo 8. Hata la asilimia 60 linabeba kilo 6, karibu mara mbili ya mvuto unaoutegemea. Kwa hiyo fundo lolote la heshima linatosha, mradi limefungwa sawasawa. Linaloangusha watu ni fundo lililokazwa nusu, likaanza kuteleza samaki anapotikisa kichwa.

Tukubaliane majina kwanza. Sehemu inayotoka kwenye rili au mkononi mwako ni mshipi mkuu. Ncha fupi unayofungia ni mkia. Ndoana ina tundu la kupitishia mshipi, shina lililonyooka, mkunjo, kisha ncha.

Jua pia unafunga mshipi wa aina gani. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, ndiyo inayosamehe zaidi: inavutika na inashika fundo bila matata. Florokaboni inafanana nayo kwa macho lakini ni ngumu, haipendi kukunjwa kwa kona kali, na ukiikaza kwa haraka inadhoofika. Mshipi wa kusukwa ni habari nyingine kabisa. Ni mwembamba, hauvutiki, na unateleza. Fundo linaloshika nailoni vizuri linaweza kuchomoka kwenye mshipi wa kusukwa bila hata kukatika. Unahitaji mizunguko zaidi, au mshipi upite maradufu kwenye tundu.

Kukaza

Sehemu hii isome kabla ya mafundo yenyewe.

Lowesha fundo kila mara, kwa mate au kwa maji, kabla ya kulivuta. Mizunguko ikisuguana mikavu hupata joto, na plastiki haipendi joto. Kisha vuta polepole bila kusita. Usivute kwa mshtuko, na usivute kidogo ukaacha, ukavuta tena. Tazama mizunguko inavyojipanga: inatakiwa ilale sambamba, mmoja kando ya mwenzake, bila kupandana. Mzunguko uliopanda juu ya mwingine huukandamiza wa chini na ndipo mshipi hukatikia. Ukiona umepandana, kata ufunge upya. Usijaribu kuurekebisha kwa ukucha.

Fundo likishakaa, shika ndoana kwa plaizi kwenye mkunjo, uvute mshipi mkuu kwa nguvu kuliko unavyodhani inahitajika. Kama litateleza, liteleze hapo mkononi mwako. Usizungushie mshipi wa kusukwa kwenye kidole kitupu unapovuta, utakukata hadi damu. Uzungushie kwenye kitambaa au kipande cha mti. Na uso wako uwe kando, kwa sababu ndoana inayochomoka hurudi kwa kasi.

Mkia wa nailoni ukatwe ubaki milimita 2 au 3, wa kusukwa ubaki kama 5. Mkia uliokatwa sawa na fundo hauna akiba hata kidogo. Wapo wanaouchoma kwa kiberiti ili uwe na kidonge nchani. Kwa nailoni siwashauri, joto linafika ndani ya fundo usilotaka kuligusa. Vipande unavyokata viende mfukoni, maana nailoni haiozi na hunasa miguu ya ndege.

Palomar: la kuanza nalo

Kama utajifunza fundo moja tu, jifunze hili. Linashika nailoni, florokaboni na mshipi wa kusukwa, hatua zake ni chache, na ukilizoea unalifunga gizani.

1. Kunja mshipi uwe maradufu kwa urefu wa sentimita 15 hivi.
2. Pitisha kitanzi hicho kwenye tundu la ndoana. Tundu likiwa dogo, pitisha mkia peke yake, kisha urudishe kwenye tundu hilo hilo kutoka upande wa pili, ukiacha kitanzi.
3. Kwa mshipi huo maradufu funga fundo la kawaida, lile la kwanza ambalo kila mtu hulijua, lakini uliache legevu. Ndoana ining'inie chini yake.
4. Panua kitanzi, upitishe ndoana nzima ndani yake. Kitanzi kiivuke ndoana na kupanda juu ya tundu.
5. Lowesha, shika mshipi mkuu na mkia pamoja, uvute hadi fundo likae juu ya tundu.

Kosa la Palomar ni moja na linajirudia: zile nyuzi mbili hupishana ndani ya tundu au ndani ya fundo. Ukifika hatua ya tatu, simama utazame. Zilale bega kwa bega. Kosa la pili si baya sana ila lipo: kitanzi hukwama chini ya tundu badala ya kukaa juu yake, na mshipi unakatwa na ukingo wa chuma. Kisukume kwa kidole kabla ya kukaza.

Palomar ina udhaifu wake. Chambo bandia kikubwa chenye ndoana za meno matatu lazima kipite chote ndani ya kitanzi, kwa hiyo unahitaji kitanzi kirefu, mshipi unapotea, na meno yananasa kila mahali. Hapo tumia fundo linalofuata.

Lina faida nyingine ndogo ninayoipenda. Ukiacha mkia mrefu, sentimita 40 hivi, ukaupitisha tena kwenye tundu kutoka upande wenye ncha ya ndoana ushuke chini, ndoana inasimama wima kutoka kwenye mshipi, ncha ikitazama juu. Funga chubwi mwisho wa mkia huo. Chubwi inalala chini, chambo kinaelea juu yake mbele ya macho ya samaki.

Uni: la kazi nyingi

1. Pitisha sentimita 20 za mkia kwenye tundu, uulaze sambamba na mshipi mkuu.
2. Urudishe mkia kuelekea ndoana, ufanye duara juu ya nyuzi hizo mbili.
3. Zungusha mkia kuzifunga nyuzi zote mbili, ukipita ndani ya duara kila mara. Nailoni ya kawaida, mara 5 au 6. Mshipi wa kusukwa, mara 8. Nailoni nene, mara 3 au 4, la sivyo fundo halitakazika.
4. Vuta mkia mpaka mizunguko ijikusanye, lakini usiikaze kabisa.
5. Lowesha, vuta mshipi mkuu ili fundo liteleze hadi kwenye tundu.
6. Shika mkia kwa plaizi, uvute tena mara ya mwisho, kisha ukate.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa na wengi. Uni huonekana limekaza hata kabla halijakaza, na mvuto huo mmoja wa mkia ndio unaolifunga.

Uzuri wa Uni ni kwamba linateleza pale unapotaka. Ukilikaza likiwa bado sentimita moja mbali na tundu, unapata kitanzi kidogo, na chambo bandia kinacheza ndani yake. Samaki akivuta kwa nguvu, fundo linashuka na kujifunga kwenye tundu. Na ukifunga Uni mbili zikitazamana, moja kwa kila mshipi, unaunganisha mishipi miwili tofauti: wa kusukwa kutoka kwenye rili, na kipande cha nailoni au florokaboni mbele. Vuta mishipi mikuu miwili, mafundo yanakutana katikati na kusukumana.

Klinchi, kwa ufupi

Hili ndilo fundo ambalo wengi walifundishwa kwanza. Pitisha mkia kwenye tundu, uuzungushe kwenye mshipi mkuu mara 5, uurudishe kwenye kijitundu kilicho karibu na tundu la ndoana, kisha uupitishe ndani ya kitanzi kikubwa ulichokifanya sasa hivi. Lowesha, kaza. Kwa nailoni nyembamba ni zuri na la haraka. Kwa nailoni nene mizunguko inagoma kubanana, na kwa mshipi wa kusukwa linateleza. Kwa hiyo usilitumie huko hata kama umelizoea. Ukiamua kubaki nalo, pitisha mkia kwenye tundu mara mbili kabla ya kuanza kuzungusha. Linaimarika sana.

Kitanzi kisichoteleza: kwa chambo bandia

Fundo linalobana kwenye tundu hukishika chambo bandia kichwa. Kile cha mti au plastiki kinachotakiwa kuyumba kushoto na kulia kinakuwa kama kimefungwa kamba shingoni, hasa ukitumia mshipi mnene. Kitanzi kinakiacha huru. Wanaolitumia hili wanamshukuru zaidi mvuvi wa Marekani Lefty Kreh, aliyefariki mwaka 2018, kwa jinsi alivyolieneza.

1. Kabla hujagusa chambo, funga fundo la kawaida legevu kwenye mshipi, sentimita 20 hivi kutoka ncha.
2. Pitisha mkia kwenye tundu la chambo.
3. Rudisha mkia ndani ya lile fundo legevu, ukiingilia upande ule ule ulikotokea. Hapa usikosee.
4. Sogeza fundo legevu karibu na chambo. Umbali uliobaki ndio ukubwa wa kitanzi chako. Kidogo ni bora.
5. Zungusha mkia kwenye mshipi mkuu juu ya fundo. Mshipi mwembamba mara 6 au 7, wa wastani mara 4 au 5, mnene sana mara 3 au hata 2.
6. Rudisha mkia ndani ya fundo legevu kwa mara nyingine, upande ule ule tena.
7. Lowesha vizuri. Vuta mkia polepole mpaka mizunguko ianze kushikana, kisha vuta mshipi mkuu na chambo kwa pamoja.

Hatua ya tatu na ya sita ndizo zinazolifanya fundo. Mkia ukiingia upande usio wake, fundo litakaza tu na litaonekana zuri, lakini mshipi utajikunja kwa kona na nguvu itapungua. Njia ya kujikagua: fundo likikamilika, mkia unaelekea chini, upande wa chambo. Ukielekea juu kwenye mshipi mkuu, kata ufunge tena. Mkia unaoelekea chini una faida nyingine: haukusanyi majani unapokivuta chambo majini.

Kitanzi kikiwa kikubwa mno, ndoana ya mbele ya chambo hukidaka wakati wa kurusha. Kidole cha mwisho kisipoingia ndani yake, ni saizi nzuri.

Vyambo vingi huja na pete ndogo ya waya uliozungushwa mara mbili puani. Pete hiyo tayari inampa chambo uhuru, kwa hiyo hapo kitanzi hakina kazi. Funga Palomar au Uni kwenye pete. Angalia tu fundo lisikae pale ncha za waya wa pete zinapoishia. Ukingo wake ni mkali, na mshipi mwembamba unaweza hata kuingia katikati ya mizunguko ya waya na kutoka nje. Fundo lizungushwe likae upande wa mbali. Vijiko (vyambo bapa vya chuma) na vyambo vinavyojizungusha vifungiwe nyuma ya kizungushi cha chuma, au mshipi utajisokota.

Klipu za kubadilishia chambo haraka ni rahisi, na sizikatai. Tumia ndogo iwezekanavyo, ifunge kwa Palomar, na ujue kwamba klipu ya bei rahisi hufunguka kabla fundo halijasikia chochote.

Fundo la shina: kwa ndoana ya chambo cha kweli

Zamani ndoana nyingi hazikuwa na tundu. Shina liliishia na bapa, na mshipi ulifungwa kwenye shina lenyewe. Ndoana za bapa bado zipo, hasa zile ndogo sana, na fundo lake limebaki kwa sababu lina ubora wa pekee: mshipi unalala sambamba na shina, na mvuto unafika kwenye ndoana ukiwa umenyooka.

Kama unalijua Uni, hili tayari unalijua. Pitisha mkia kwenye tundu ukitokea upande wenye ncha ya ndoana, uulaze kandokando ya shina, ufanye duara, kisha uzungushe mkia kufunga shina na mshipi pamoja mara 6 hadi 8, ukipita ndani ya duara. Bana mizunguko kwa kidole gumba isipandane. Lowesha, vuta mkia, kisha mshipi mkuu, mizunguko isogee ikae nyuma tu ya tundu. Kwa ndoana ya bapa laza tu mshipi kwenye shina. Mwisho wa kazi hakikisha mshipi mkuu unatokea upande wa ncha, usikwanguliwe na ukingo wa bapa.

Upande wa kuingilia una maana. Mshipi ukiingia upande wa ncha, mvuto huisukuma ndoana ipinduke kidogo na ncha ielekee kwenye nyama. Kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina, ndivyo inavyotakiwa. Ila ndoana ya duara usiipige kwa kuinua ufito ghafla, utaichomoa mdomoni. Acha mshipi ukaze wenyewe, endelea kukunja taratibu, ndoana itateleza hadi pembe ya mdomo na kushika.

Kabla ya kufunga, tazama tundu lenyewe. Kwenye ndoana nyingi tundu ni waya uliokunjwa tu, na pale unapokutana na shina hubaki ufa. Mshipi wa kusukwa ukiangukia kwenye ufa huo, hukatwa au hupenya ukatoka. Ufa ukionekana kwa macho, weka ndoana hiyo kando, au itumie kwa fundo la shina na nailoni nene.

Kwa samaki wenye meno makali, kama papa, hakuna fundo hata moja kati ya haya litakalokusaidia ndoana ikimezwa. Hapo kipande cha mbele kiwe waya. Waya mgumu haufungwi fundo, husokotwa kwa plaizi. Ule laini wa nyuzi nyingi hubanwa kwa kibomba kidogo cha chuma.

Lini kufunga upya

Kila baada ya samaki mkubwa, kila baada ya kukwama kwenye mwamba, na kila unapoona mkia umefupika kuliko ulivyoukata, maana yake fundo limeteleza. Pitisha mita ya mwisho ya mshipi kati ya ukucha na kidole, au katikati ya midomo, ambayo husikia vizuri zaidi. Ukihisi mkwaruzo, kata juu yake. Mshipi wa kusukwa uliochakaa unaonekana kwa macho: unavimba na kutoa manyoya.

Kujifunza, tumia kamba nyembamba na pete ya ufunguo badala ya mshipi na ndoana. Kamba inaonyesha mizunguko inavyolala, na pete haitoboi kidole. Ukishaweza kwa kamba, hamia kwenye nailoni, kisha wa kusukwa, kisha jaribu bila kutazama.

Kwa uvuvi wa usiku kuna njia rahisi zaidi: funga mafundo ya shina mchana, kila ndoana na kipande chake cha nailoni cha sentimita 50, mwisho wake ukiwa na kitanzi. Zungushia vipande hivyo kwenye kipande cha sponji kigumu, ncha za ndoana zikiwa zimechomekwa ndani yake. Ndoana ikipotea, unachomoa nyingine na kuiunganisha kitanzi kwa kitanzi. Unahitaji vidole tu, si taa.